Neno Ndani ya Panga

Jumapili moja ya Oktoba, joto likiwa limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga, Twalibu aliliwa na simba kwa mara nyingine. Aliliwa akiwa ameketi kwenye kigoda uani kwa fundi Shukrani, Ipuli mjini Tabora, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, kwa hiyo hakuumia. Alikasirika tu.

"Asnath," alisema, "panga unalo. Neno limo ndani. Ungempiga huyo simba mara moja, sasa hivi ningekuwa hai."

"Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi? Ulikuwa karibu naye kuliko mkia wake."

"Basi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Fundi Shukrani, ambaye ndiye aliyekuwa akiuendesha mchezo, alitikisa kichwa, akamruhusu Twalibu azaliwe upya na afya nusu.

Mchezo wenyewe waliuita Msafara. Shukrani aliutoa kwenye kitabu alichoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyepanga chumba kwake; mwalimu alirudi kwao, kitabu kikabaki, pamoja na dadu zenye pande nyingi kuliko za ludo. Kitabuni kulikuwa na majoka yenye mabawa na ngome za mawe. Shukrani aliyaondoa majoka akaweka watoza hongo, kwa hoja kwamba wanatisha zaidi, na mahali pa ngome akaweka pori la kutoka Tabora hadi Ujiji, njia ya wapagazi wa zamani. Kila mchezaji alikuwa mtu fulani ndani ya msafara, na kila mmoja alitakiwa kuja na silaha ya kushikika, maana Shukrani alikuwa fundi cherehani na hakuamini kitu kisichoshikika. Twalibu, muuza vipuri vya baiskeli, alikuwa mwindaji na alikuja na fimbo. Asnath, mwendesha mashine ya kusaga kule Cheyo, alikuwa askari wa mbele na alikuja na panga. Hilari alikuwa mganga, na mganga hana silaha. Kazi yake ni kuweka neno ndani ya silaha za wenzake.

Kanuni ya kitabu ilikuwa fupi. Silaha moja hubeba neno moja. Neno hutoka pale silaha inapokata au kugonga mwili, na likishatoka limetoka. Faida yake ni kwamba mganga anaweza kuwa mbali, au amelala, au amekufa, na neno lake likafanya kazi bila yeye.

Ilikuwa kanuni ya mchezo, lakini Hilari alipoitumia ilishika. Wa kwanza kugundua alikuwa mbuzi wa jirani. Twalibu alimfukuza kwenye majani ya chai kwa ile fimbo, iliyokuwa imewekwa neno la usingizi kwa ajili ya walinzi wa Ujiji, na mbuzi akajilaza chini akakoroma hadi katikati ya wiki. Jirani alikuja, akamtazama, akauliza kama Hilari anaweza kumwekea neno kama hilo kwenye mwiko, kwa kuwa alikuwa anaishi na mama mkwe. Baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia tena, kama vile ambavyo hakuna anayezungumzia cherehani kushona.

Hilari alikuwa Mha wa Kasulu. Asnath ni Mnyamwezi wa hapahapa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikuwa watani, na baina yao halikuwahi kupita neno lililonyooka. Hilari akifika alimkuta Asnath na unga wa mashine kwenye nyusi, akamwamkia shikamoo bibi. Asnath akamwita manamba, akamuuliza migebuka yote ya ziwani Kigoma imekwisha hadi aje kula michembe ya viazi vya watu. Hilari akasema amekuja kumchukua mke wake, akimwonyesha Asnath kwa kidevu. Asnath akasema ataolewa na Mha siku treni ya Kigoma itakapofika kwa saa yake. Watu wakacheka. Miaka ikaenda hivyo, watu wakicheka.

Kisha, Oktoba ya mwaka jana, lori la vibarua wa tumbaku lilikuja stendi, na Hilari akapanda kwenda mashamba ya upande wa Kaliua. Jumapili ya mwisho kabla ya kuondoka aliomba panga la Asnath, akalisogeza mdomoni, akanong'ona. Hakusema ameweka nini. Alisema tu, "Ukiishiwa, piga." Pumzi yake ikaacha ukungu juu ya chuma, doa la ukubwa wa kiganja. Ukungu huo haukukauka. Asnath aliufuta kwa kanga, ukabaki. Alilianika panga juani, ukabaki. Palipokuwa na doa chuma kilikuwa cha baridi hata mchana wa kiangazi, na yeye alikuwa na tabia, akiwa peke yake, ya kuweka shavu hapo.

Mwezi wa tatu Hilari alikufa. Habari ilikuja baadaye, kwa mdomo wa mtu aliyetoka shambani, naye aliisikia kwa mwingine. Alikuwa ameshazikwa hukohuko. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na matanga, na Asnath hakupata nafasi ya kufanya kile ambacho mtani hufanya: kuja na ndoo kichwani akilia kwa kejeli, kumtukana marehemu kwa uvivu wa kulala mchana, kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Matusi yote aliyokuwa ameyaandaa yalibaki ndani yake, na hayakuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana Twalibu aliliwa na simba kila mara. Panga likipiga, neno litatoka, na likitoka hapatakuwa na Hilari tena popote.

Jumapili hiyo, simba akiwa bado anasaga mifupa, mama mmoja alibisha hodi na kapu mkononi. Alikuwa Getruda, mama yake Hilari, ametoka Kasulu hadi Kigoma kwa gari na Kigoma hadi Tabora kwa treni. Amekuja kuchukua nguo ambazo mwanawe aliziacha kwa fundi.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu." Akaketi. "Treni ilipita Kaliua nikiwa nimesinzia. Nimeamka tumeshapita. Nilitaka angalau nichungulie dirishani."

Kabula, mke wa Shukrani, aliposikia hivyo aliinuka akaenda kukamata jogoo, kwa sababu mgeni wa namna hiyo hapewi chai na mkate. Asnath alimchukua Getruda ndani kumwonyesha sanduku. Mlikuwa na sweta, suruali mbili, na rozari. Getruda alilinusa sweta. Asnath, aliyekuwa amelinusa mara nyingi hadi harufu ikaisha, aliangalia ukutani.

Huku nje Kabula alimkabidhi Twalibu jogoo na kisu. Pale Ipuli ni kawaida: wenye nyumba Wamoraviani, mgeni Mkatoliki, lakini kama mezani atakuwepo Mwislamu, basi Mwislamu ndiye atakayechinja, na wote watakula bila kuulizana. Twalibu alipitisha kidole kwenye kisu.

"Shemeji, hiki hakikati hata ndizi mbivu. Kumchinja kiumbe kwa kisu butu ni kumtesa."

"Ndicho nilicho nacho."

Twalibu aliangaza macho. Juu ya meza, kati ya dadu na vikombe, lilikuwa panga la Asnath, kali kama siku lilipotoka kwa mhunzi, kwa kuwa halijawahi kutumika. Hakufikiria chochote. Baadaye aliapa hivyo na wakamwamini, maana kutofikiria hakukuwa kugeni kwake. Alimlaza jogoo, akataja jina la Mungu, akakata.

Panga likasema, kwa sauti ya Hilari, bila haraka: "Hilari, rudi nyumbani."

Asnath alitoka mbio akasimama mlangoni. Ukungu ulikuwa umetoweka. Lilikuwa panga tu, lenye damu ya kuku.

"Asnath," Twalibu akasema, "sikuangalia."

Asnath akatwaa panga, akalifuta kwa kanga yake, akaweka shavu. Lilikuwa la moto, kama kila kitu kilichokuwa juani.

Kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo. Hilari alijiita mwenyewe, kabla hajapanda lori, kama mtu anayeacha ufunguo kwa jirani.

Hilari aliingia kwa mlango wa uani kabla jogoo hajamaliza kunyonyolewa. Alikuwa amevaa katambuga na shati la kazi. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, na udongo mwekundu ulimkaa kwenye nywele na masikioni, kama aliyelala chini bila mkeka.

"Hawa watu wa Kigoma," Kabula akasema, "hawakosei saa ya chakula." Akaongeza maji kwenye sufuria.

Getruda alimketisha mwanawe kwenye kigoda, akalowesha pindo la kanga, akaanza kumtoa udongo masikioni. Alisema jinsi alivyojua tangu kwenye treni kwamba atamwona, kwa kuwa mtoto akiambiwa rudi nyumbani hurudi alipo mama yake. Asnath hakubisha. Ila naye alikuwa uani palepale, na neno la kumwita lilikuwa limewekwa ndani ya panga lake.

Walikula. Hilari alikula kama wengine, ila nyama haikupungua kwenye sahani yake, jambo ambalo Kabula alilipenda, kwa kuwa jogoo alikuwa mdogo.

"Ulikufaje, mwanangu?" Getruda akauliza.

"Kwenye bani, mama. Mvua ilikuwa imebomoa kibanda chetu, tukawa tunalala ndani ya bani, tumbaku inakaushwa juu, sisi chini. Moto unachochewa usiku kucha. Nikalala, sikuamka."

"Mlango mliufunga?"

"Lazima ufungwe, mama. Joto likitoka, jani linaharibika."

Getruda akafikiria hilo. "Na kwa nini hawakuniambia?"

"Ilikuwa katikati ya mavuno. Mnyapara alisema mtaambiwa msimu ukiisha."

"Msimu umeisha lini?"

"Haujaisha. Ndiyo maana bado niko kazini. Sasa tunaandaa vitalu vya miche." Akaeleza taratibu, akichukua tonge, kwamba mkataba wa shamba ni hadi mnyapara atamke kuwa msimu umefungwa. Kwa walio hai hutamka mwezi wa saba. Kwa waliozikwa shambani bado hajatamka. "Wanatupenda sisi," alisema. "Hatuli posho, hatuombi ruhusa, na kibanda hatudai. Leo nimeitwa ghafla nikaacha jembe kwenye tuta. Ila nimesikia lori lipo stendi linachukua watu wapya. Nitarudi nalo jioni, kuliko kutembea."

Shukrani akauliza kama bani ina dirisha. Hilari akasema haina. Shukrani akasema dirisha dogo tu, la juu, fundi yeyote angeliweka. Hilari akasema ndiyo, hata wao walishasema.

Kisha akamgeukia Asnath.

"Mnyamwezi, yaani umeniita kwa kuku? Hata mbuzi hukuniona nafaa?"

"Kwenu mbuzi mnamjua kwa picha. Ungemwogopa."

"Na hizo nyusi. Nilidhani nikifa utaoga."

"Nilikuwa nangoja maji ya rambirambi. Hayakuletwa."

Getruda akacheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa kanga, na wote wakaendelea kula ili asione wanamtazama.

Jua lilipoanza kulegea wakamsindikiza. Getruda alitangulia na Kabula, akiwa amebeba sweta, kwa kuwa usiku wa Kaliua huwa na baridi kabla ya mvua. Wanaume walifuata. Asnath na Hilari wakabaki nyuma.

"Hilari, leo naomba utani uuweke pembeni."

"Niuweke wapi, na barabara nzima imejaa Wanyamwezi?"

"Nimesema uuweke."

Akanyamaza. Hakuwahi kunyamaza hivyo alipokuwa hai.

"Ulipokuwa unaniita mke wangu," Asnath akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa utani?"

Hilari aliangalia viganja vyake vyeusi. "Na wewe uliposema mpaka treni ifike kwa saa yake, ulikuwa utani?"

"Ulikuwa utani."

"Haya."

"Haya nini? Nijibu."

"Sikujua kulisema kwa njia nyingine, Asnath. Nililisema kwa hiyo niliyokuwa nayo."

"Ungesema tu kama watu."

"Ungecheka."

Asnath alitembea kidogo. Alitaka kubisha, lakini mtu aliyetoka mbali vile hastahili kudanganywa. "Ningecheka," akakubali.

Lori lilikuwa stendi, turubai limekunjwa, vijana wa mwaka huu wameshapanda na mabegi yao. Mnyapara, bwana mmoja mnene mwenye kofia ya pama, jina lake Bundala, alikuwa akigonga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Hilari? Wewe na huku umefika? Panda, tunachelewa."

"Kaka," Asnath akasema, "huyu mtu amekufa."

"Najua, dada. Nilimzika mimi mwenyewe."

"Basi mwache apumzike. Mama yake yupo hapa."

"Shikamoo mama," Bundala akamwambia Getruda, akavua kofia, akairudisha. Hakuwa mtu mkorofi. "Tatizo nikimfungulia mmoja, nitawafungulia wote, na vitalu vitasimamiwa na nani? Panda, Hilari."

Hilari akamkumbatia mama yake, akalichukua sweta, akapanda. Dereva akawasha.

Ndipo Asnath akafanya jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu mwezi wa tatu. Alikwenda mbele ya gurudumu la lori, akatandika kanga, akalala chali. Akakunja mikono kifuani kama maiti, akaanza kuomboleza kwa sauti ya juu, ile ya kejeli ambayo kila mtu wa Tabora anaijua.

"Uwiii, Mha wangu mvivu! Kazi imemshinda akaona afe! Anatoroka na deni la michembe! Maiti hii haiondoki! Nani atanilipa mimi michembe yangu?"

Stendi ikacheka. Wauza karanga wakasogea. Vijana ndani ya lori wakapiga makofi, na juu kabisa, akiwa ameketi kwenye mabegi, Hilari alicheka kuliko wote, akifuta macho kwa sweta. Dereva akazima. Hakuna dereva anayemkanyaga mtani msibani.

Asnath alilala pale akiangalia chini ya lori. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba ya mwaka jana hakuwa na haraka ya kufika popote. Alifikiri: nikikaa hivi, haondoki.

Lakini Bundala alikuwa Msukuma, na Msukuma hafundishwi utani. Alichuchumaa kando yake, akavua ile kofia ya pama, nzuri, mpya, akaiweka kifuani kwake juu ya mikono iliyokunjwa.

"Haya mtani," akasema kwa upole. "Wafiwa wametoa."

Kicheko kikapungua. Mtani akishapewa, hunyanyuka. Hivyo ndivyo mambo yalivyo, na wote waliokuwa stendi walijua. Angeikataa, usingekuwa utani tena, ungekuwa ugomvi, na kwenye ugomvi Bundala alikuwa na lori na yeye alikuwa na kanga.

"Pokea, mke wangu," Hilari akasema kutoka juu. "Utapata vumbi."

Asnath akapokea. Alisimama, akakung'uta kanga, na hapo akakumbuka kinachofuata: watani wakishapokea, kaburi hufunikwa. Lori likaondoka. Vijana walio hai waliwaomba wafu walioletwa kupakia mabegi wasogee kidogo, wakasogea, na kwa mbali hukuweza kujua nani ni nani.

Panga Kabula aliliomba kwa ajili ya kuni, akapewa. Jumapili walicheza kama kawaida, na Twalibu, ambaye sasa hakuwa na wa kumlaumu, alijifunza kukimbia.

Oktoba iliyofuata lori lilirudi. Bundala alikuwa amemleta Hilari apakie mabegi, kwa kuwa wafu hawachoki. Getruda alikuwa ameshuka na treni siku moja kabla, na kapu la migebuka. Asnath alitandika kanga mbele ya gurudumu, akaomboleza, dereva akazima, na Bundala akamwacha alale kwa muda wa kutosha kunywa chupa ya soda, ndipo akamwekea kifuani mche wa sabuni aliokuwa ameuandaa. Mwaka wa pili akaleta vitenge. Mwaka wa tatu aliwatangazia vijana wapya mapema: kuna dada mmoja hapa hulala chini, msishtuke, ni wa kwetu. Lori lilikuwa limejaa zaidi mwaka huo. Waliokuwa wamezikwa walikuwa wameongezeka, na waliokuwa hai walikuja wengi vilevile. Bani haikuwa imewekwa dirisha. Shukrani aliuliza, kama alivyouliza kila mwaka, na Hilari akasema kwamba limo kwenye mipango.

"Msimu unaisha lini?" Getruda akamuuliza mnyapara.

"Mama, bado hatujafunga," Bundala akasema kwa heshima, akamsaidia kuinua kapu.

Asnath alikuwa ameshanyanyuka, kitu alichopewa kikiwa kwapani. Dereva akawasha. Juu ya mabegi Hilari aliinama, mikono yake myeusi ikiwa imeshika ukingo.

"Mke wangu," akaita.

Wauza karanga wakageuka, tayari kucheka, wakisubiri tusi.

"Abee," Asnath akaitika.

Hakuna aliyecheka. Lori likashika barabara ya Kaliua.